Tupeane uzoefu: gari ya spoti iliyokushika moyo, ilikushika kwa kitu gani hasa?

Mgosi wa Chuda
Wagosi na dada zetu, za jioni. Hapa Tanga stori ya magari ikianza tu, mtu wa kwanza anauliza "inafika ngapi?" Kwangu hilo ni swali la mwisho. Hiyo mia mbili utaikimbizia wapi, wakati kutoka Segera hadi mjini ni vijiji, matuta na tochi za trafiki za kupima spidi? Tuongelee ile gari uliyoshika usukani wake ukajua aliyeibuni alikuwa anamuwaza dereva. Si lazima iwe yako.

Naanza. Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono, binamu yangu alinipa nimletee kutoka Dar. Injini yake, Toyota wanaiita BEAMS, ina cc 2,000, haina tabo (turbo), ila inatoa nguvu za farasi 210, na hizo unazikuta juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ukiiendesha kivivu utasema ni gari ya kawaida ya kwendea kazini. Ukiacha mshale upande, ukishapita 6,000 mlio unabadilika, siti inakusukuma mgongo, na mkono wenyewe unaenda kwenye gia. Kijiti chake kifupi, kinaingia kwa mlio mdogo wa chuma na hakitafuti nafasi. Nguvu huletewi, unaifuata mwenyewe. Tangu siku ile nikipanda otomatiki naona kama mtu ananitafunia chakula.

Binti Raskazone
Mimi bodi kwanza, na nasema wazi. Hiyohiyo Altezza, kabla sijajua injini ni nini, nilikuwa nasimama kuangalia taa zake za nyuma: kioo cheupe, taa nyekundu za duara ndani. Dunia nzima iliiga, watu wakabandika taa za namna ile hadi kwenye Corolla. Halafu angalia tairi za mbele zilivyosogezwa karibu na bampa, na boneti haina mapambo. Ukiiona imepaki unajua inataka kuondoka. Ndani, saa ya spidi ina saa ndogondogo ndani yake. Kaka yangu ananiambia hayo ni urembo. Sikubaliani naye. Kitu unachokitazama kila siku ukiwa umekaa pale ni sehemu ya kuendesha.

Dereva wa Soni
Shikamooni wakubwa. Yangu ni Mazda Roadster, zile za kwanza zilizotoka 1989, huko nje wanaiita MX-5. Ilikuwa ya mzee mmoja niliyekuwa namwendesha, na akitaka kupanda Lushoto alinipa funguo na kukaa pembeni.

Anayeijua barabara ya Mombo hadi Soni anaelewa. Nyembamba, ukuta wa mwamba upande huu, korongo upande ule, na muda wowote unakutana na Coaster inashuka. Pale huwezi kukimbia na hupaswi kukimbia. Mshale ulikuwa haufiki 60. Lakini sijawahi kuendesha gari nikafurahi vile. Ile gari haifiki kilo 1,000, injini iko mbele, inasukuma kwa tairi za nyuma, na uzito umegawanywa karibu sawa mbele na nyuma. Ukiachia mafuta kidogo kabla ya kona, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinashika, pua inaingia yenyewe. Ukigusa mafuta tena, nyuma inakaa. Hayo yote unayasikia kwenye makalio kabla ya kuyaona. Usukani wake si huu wa umeme wa siku hizi: kokoto zikiwa zimemwagika barabarani, vidole vinajua. Wajapani walioibuni walifuata wazo la mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Naamini walifanikiwa. Mzee mwenyewe alikuwa hasemi kitu njia nzima, ila tukifika Soni anataka turudi chini tupande tena.

Mjukuu wa Reli
Datsun 240Z. Sijawahi kuiendesha. Babu alikuwa akitusimulia magari ya Safari Rally yalivyokatiza milima ya Usambara kwenye tope, na hiyo Datsun ilishinda 1971 ikarudia 1973. Boneti ndefu kwa sababu injini ya silinda sita imelala kwa urefu. Umbo limetoka kwenye kazi. Ndiyo maana halijazeeka.

Fundi Makorora
Dereva wa Soni umemaliza. Nami niongeze mlio, maana vijana wananijia gereji wakitaka Subaru yao "iongee". Ule mngurumo wa Impreza za zamani haukuwekwa makusudi. Silinda zimelala pande mbili, na mabomba ya eksozi upande mmoja ni marefu kuliko mwingine, moshi unafika kwa kupishana. Ukifunga manifoldi, yaani mabomba ya kutolea moshi kwenye injini, yenye urefu uliolingana, mngurumo umeondoka. Na faida kubwa ya injini ile kulala ni kwamba uzito unakaa chini, gari haiyumbi kwenye kona. Mlio ni nyongeza.

Mgosi wa Chuda
Fundi, binamu anataka kukata springi za Altezza na kuweka rimu 18. Unasemaje?

Fundi Makorora
Asikate. Springi iliyokatwa haina nafasi ya kufanya kazi, tuta la kwanza shokapu inagonga mwisho. Na rimu kubwa ni nzito, shokapu inashindwa kuituliza tairi, ule usikivu unaousifia unapotea. Aanze na bushi na boljointi za mbele, zile mpira na viungo vinavyoshika miguu ya gari, kisha alaimenti ya kunyoosha tairi, kisha tairi nne za aina moja. Pesa ikibaki, shokapu mpya.

Mgosi wa Chuda
Ujumbe umefika. Wengine endeleeni, hasa aliyewahi kushika Mazda RX-7 au Toyota Supra ya gia za mkono.