Chumba maalum cha sinema au sebule inatosha? Tujadili bila matusi

Kitasa
Wakuu habari zenu. Nina chumba kimoja kimekaa tu, kilikuwa cha wageni ila wageni wenyewe hawaji, na wakija wanapitiwa na usingizi sebuleni humo humo. Nataka nikifanye chumba cha sinema, projekta, skrini ya inchi 100, spika tano na sabufa moja, mlango nafunga. Wa nyumbani kwangu anasema hiyo hela tuimalizie sebuleni, tivii ya inchi 65 na spika za maana, kila mtu afaidi. Mimi nasema sebule ni njia panda, mtu akienda kunywa maji anakatiza mbele ya skrini, akirudi anakatiza tena halafu anauliza "huyu ndo yule aliyekufa?" Nyie mngefanyaje? Naomba hoja, kejeli ninazo za kutosha nyumbani.

Pazia Jeusi
Chumba, wala usijiulize mara mbili. Projekta haitoi rangi nyeusi mkuu, hakuna mwanga mweusi. Nyeusi yake ni pale ambapo haijamulika, sasa kama taa imewaka au dirisha liko wazi, hapo pasipomulikwa panabaki rangi ya skrini yenyewe, yaani kijivu kilichochoka. Na hata ukizima taa, kuta nyeupe zinachukua mwanga wa skrini na kuurudisha pale pale, picha inafifia. Ndo maana wanaojua wanapaka rangi nyeusi au kahawia iliyokolea mpaka darini. Sebuleni nani atakuruhusu upake dari jeusi? Halafu sebuleni watu wanaongea, mwisho wa siku unawasha maandishi ya chini kama kiziwi, mtu mzima na lugha unaielewa.

MamaWawili
Samahani, "kama kiziwi" ndo nini? Mimi naangalia na maandishi kila siku, masikio yangu mazima na lugha naielewa kukuzidi. Watoto wakilala ndo muda wangu wa kuangalia kitu, sauti nakuwa nimeishusha mpaka mwisho, bila maandishi nitaangalia midomo tu. Siyo kila mtu ana chumba cha kupaka dari jeusi.

Kobe
Na sisi tunaoangalia sinema za lugha tusizozijua tufanyeje Pazia, tukisie?

Pazia Jeusi
Za lugha usiyoijua ni sawa, sijazisema hizo. Nasema mtu anayewasha maandishi kwa lugha yake. Jicho likiona herufi linasoma, halina ujanja, hata usipotaka. Mwigizaji amekaa analia kwa jicho moja, wewe uko chini kule unasoma "[analia]". Hiyo siyo kuangalia sinema ni kuisoma.

Mzee wa Rimoti
Nimesoma hilo neno la kiziwi nikaliacha, nikarudi nikalisoma tena. Sikio langu la kushoto halisikii tangu ujana. Bila hayo maandishi mimi sinema ningeziacha zamani. Endelea na dari lako kijana.

BesiNzito
Tupoe kidogo. Wote mnaowasha maandishi, tatizo mara nyingi siyo masikio yenu, ni tivii. Tivii za siku hizi nyembamba kama trei, spika imekosa pa kukaa, wameifunga chini au nyuma inaangalia sakafu au ukuta. Mnasikiliza sauti iliyokwenda kugonga ukuta kwanza ndo ikaja kwenu. Na sinema inachanganywa kwa spika nyingi, ile tunaita tano nukta moja, spika tano na sabufa ndo hiyo nukta moja, na maneno ya waigizaji kwa kiasi kikubwa yamewekwa spika ya kati. Sasa tivii inazikusanya zote, maneno na milipuko na vinanda, inazibana kwenye vispika viwili. Maneno lazima yamezwe. Mwenye spika ya kati akiiongeza desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), nusu ya maandishi anayazima mwenyewe. Na risiva nyingi, kile chombo kinachoendesha spika, zina setingi ya usiku, inashusha vishindo na kupandisha minong'ono. MamaWawili hiyo inakuhusu.

MamaWawili
Asante BesiNzito, hii ndo inaitwa kujibu. Ila bado nasubiri Pazia aombe radhi.

Kitasa
Wakuu mada ni chumba au sebule...

Pazia Jeusi
Mzee samahani, sikuwa na maana ya mtu mwenye tatizo la kweli. Ila kwenye hoja sirudi nyuma. Maandishi ni ugonjwa wa sebule, ukiwa na chumba chenye utulivu huyahitaji, na hicho ndo nilichokuwa namwambia mwenye mada kabla sijashambuliwa.

MamaWawili
"Tatizo la kweli." Yaani watoto wawili waliolala ukuta wa pili siyo tatizo la kweli.

Nyaya Tatu
Naomba niirudishe mada barabarani maana naona imeshaingia mtaroni. Sinema siyo inchi, ni pembe, yaani picha inachukua upana gani wa macho yako ulipokaa. Vipimo vinavyotajwa sana ni nyuzi 30 kwa uchache na 40 hivi kwa anayetaka kuzama, hiyo 40 ni ya THX, wale wanaoweka viwango vya kumbi za sinema. Tivii ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144. Ukikaa mita 3 unapata nyuzi 27, ndo maana mnaona kama mnachungulia. Inchi 100 kwa mita 3 hizo hizo ni nyuzi 40. Sasa wengi wanaishia hapo wanakimbilia projekta. Lakini sogeza kochi mpaka mita 2 kutoka kwenye hiyo hiyo 65 uone, ni nyuzi 40 vile vile! Umepata sinema kwa kusukuma kochi. Na tivii za OLED kila nukta inajiwakia yenyewe na kujizima, nyeusi yake ni kuzima kweli, projekta haifiki hapo hata umpake Pazia mwenyewe rangi nyeusi.

Pazia Jeusi
Kochi mita 2 mbele ya tivii, sebule yenyewe ina mita 5, kwa hiyo kochi linakaa katikati kama basi lililoharibika njiani, watu wanalizunguka. Umeshawahi kuishi na watu wewe?

Kobe
Nimecheka basi lililoharibika. Ila hakujibu ya OLED, mmeona?

Pazia Jeusi
OLED naikubali. Nionyeshe ya inchi 100 mtu wa kawaida anayoweza kuinunua halafu tuongee.

Tundu la Sindano
Mimi chumba nilijenga na nimejuta nusu. Kuta zote nimebandika trei za mayai, nilihesabu zikapita mia mbili nikaacha kuhesabu, gundi peke yake ilinitia wazimu. Jirani bado anagonga ukuta. Au nimezibandika kichwa chini?

BesiNzito
Aisee. Trei za mayai kila mwaka zinamkuta mtu. Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna kutuliza sauti ndani isirudi rudi, na kuna kuzuia sauti isitoke. Zulia, mapazia mazito, kabati la vitabu, kochi la kitambaa, hivyo vinatuliza ndani, tena sebule nyingi tayari zinavyo wakati chumba kitupu chenye vigae kinalia kama mtungi. Kuzuia isitoke ni habari ya uzito na kuziba hewa. Ukuta mzito, mlango mzito, na ule mwanya chini ya mlango uzibwe, maana panapopita hewa na sauti inapita. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapunguza desibeli 6 hivi kwa hesabu ya vitabuni, kwenye nyumba ya kweli ni pungufu. Sasa trei ya mayai ina uzito gani? Na besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7. Mita 7 ndugu yangu, unataka izuiwe na karatasi ya kubebea mayai, haijui hata kama ipo. Halafu zibandue, zinashika moto haraka mno na humo ndani una vyombo vinavyochemka.

Tundu la Sindano
Mia mbili na zaidi. Sawa.

MamaWawili
Mimi nina swali moja kwa wenye vyumba. Hicho chumba kinafungwa kwa ajili ya sauti, au ili mtu asiulizwe "umeshampeleka mtoto kuoga"? Kwa sababu naona wote mnaosema chumba mnasema "nafunga mlango". Kitasa ameandika mlango nafunga kabla hata hajataja rangi ya ukuta.

Pazia Jeusi
Na kama ni hivyo? Mtu amefanya kazi siku nzima, masaa mawili ya kukaa kimya ni dhambi?

MamaWawili
Siyo dhambi, wote tunayataka. Nauliza yangu yapo chumba gani.

Kobe
Hapa naondoka taratibu, nisije nikaulizwa na mimi.

Mzee wa Rimoti
Nilikuwa sijibu tena lakini nitasema. Mimi chumba nilikuwa nacho, siyo cha trei, kilikuwa chumba. Mapazia mpaka chini, spika zimepimwa kwa kamba, ya kushoto na ya kulia nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, za pembeni zimesogea nyuma kidogo ya masikio. Mwaka wa kwanza tuliingia karibu kila wiki. Ila kuwasha ilikuwa ibada. Washa risiva, washa projekta subiri ipate moto, funga pazia, tafuta rimoti ya tatu. Na joto. Hili hawakuambieni. Mtu mmoja amekaa tu anatoa joto kama balbu ya zamani ya wati 100, mkiwa watano ni balbu tano, ongeza projekta na amplifaya, na chumba umekiziba kisitoe sauti, kwa hiyo hata hewa hakitoi. Nusu ya sinema mlango tumeufungua, na ukifungua mlango basi uko sebuleni. Mwaka wa tatu mle ndani mkawa na mabegi na pasi. Sasa hivi naangalia sebuleni na maandishi yangu. Watu wanakatiza, ndiyo. Kipindi kile hapakuwa na wa kukatiza.

Pazia Jeusi
Mzee kwa heshima zote, hapo hukuweka njia ya hewa. Chumba kinawekewa njia ndefu yenye kona na sponji ndani, hewa inapita sauti inabaki. Ulikosea ujenzi, usimkatishe tamaa mwenzio.

Mzee wa Rimoti
Sawa fundi.

Nyaya Tatu
Kitasa hicho chumba kina ukubwa gani? Tumeandika yote haya hakuna aliyeuliza.

Kitasa
Mita 3 kwa 3. Dari iko kama mita 2.8.

BesiNzito
Ungesema hilo mwanzo tungelala mapema. Hicho siyo chumba ni mchemraba. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta hadi ukuta wa mita 3, kwenda na kurudi mita 6, unavuma hezi 57, upande wa pili nao 57, dari 61. Zote zimerundikana sehemu moja! Sinema itafika pale kwenye mngurumo, ukiwa umekaa ukutani utadhani kuna ng'ombe kitandani, na ukikaa katikati kabisa ya chumba besi hiyo hiyo inapotea, husikii kitu. Ungekuwa na mita 3 kwa 4 na nusu tungeongea lugha nyingine.

Nyaya Tatu
Na skrini ya inchi 100 ni mita 2.2 upana, ukuta wako 3, zinabaki sentimita 40 kila upande za kusimamisha spika. Kochi umeliegemeza ukuta wa nyuma, macho yako yako mita 2.4 hivi kutoka kwenye skrini, hiyo ni kama nyuzi 50, utaangalia sinema kama unaangalia mechi ya tenisi, shingo huku shingo kule. Spika za nyuma hazina pa kukaa labda uzivae.

Pazia Jeusi
Aweke inchi 80. Watu wanafanya vyumba vidogo vinakuwa vizuri sana, sabufa mbili ndogo badala ya moja kubwa zinasawazisha ule mngurumo. Na giza liko pale pale. Giza halina vipimo.

Tundu la Sindano
Zikibanduliwa zinaondoka na rangi ya ukuta, nimejaribu tatu.

Kitasa
Nimewasoma wote. Swali dogo tu, hiyo spika ya kati ukiwa na tivii, inakaa juu yake au chini?

BesiNzito
Chini, ila usiizamishe ndani ya kabati, ivute mpaka ukingoni na uiinue pua kidogo ielekee masikioni. Mbao ya kabati mbele yake ikibaki itarudisha sauti na utakuwa umerudi kule kule.

Pazia Jeusi
Kitasa, umeshaamua sebule?

Kitasa
Sijaamua mkuu. Nauliza tu.

MamaWawili
Chumba ukikiacha niambie kitafanywa nini na nani atakuwa na ufunguo.

Kobe
Jamani kabla hatujafunga, maandishi ya chini mnaweka rangi nyeupe au njano? Nyeupe yangu inapotea kwenye theluji.

Mzee wa Rimoti
Njano, na uyawekee kivuli cheusi nyuma. Kaa hapo nikuelekeze setingi zilipo.