Mjadala: Pesa za afya ya akili zifungiwe kwenye kasma yake (fungu maalum la bajeti), au zichanganywe na za afya nyingine?

Mwanzisha mada
Wakuu, naleta hoja na nina upande wangu, sifichi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, yaani mmoja kati ya kila wanane. Upande wa pili, serikali nyingi huwatengea kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya. Hata hicho kidogo, katika kila dola tatu, mbili huishia kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Zahanati inabaki na bango la uhamasishaji ukutani.

Msimamo wangu: kasma hii ilindwe kwa sheria, isiguswe. Pesa iliyochanganywa haina mwenyewe, na bajeti ikibana inakatwa ya yule asiyepiga kelele. Mgonjwa wa sonona haandamani. California walipitisha kwa kura mwaka 2004 kodi ya ziada ya asilimia 1 kwa kipato kinachozidi dola milioni moja kwa mwaka, yote iende afya ya akili. Jimbo la Victoria, Australia, linawatoza waajiri wakubwa tangu 2022. Nani anapinga?

Mhasibu wa serikali
Mimi. Mkuu, umeitaja California ukaishia njiani. Kodi ya matajiri hupanda na kushuka na soko la hisa, na huwezi kumwajiri muuguzi wa kudumu kwa pesa ya kubahatisha. Mwaka 2018 mkaguzi wa jimbo alikuta kaunti zimelimbikiza mamilioni ya dola bila kuyatumia. Fungu lilikuwa limefungiwa vizuri mno hadi halikutoka!

Halafu upo mchezo ambao sisi wa vitabu tunaujua. Ukianzisha mfuko mpya, hazina inapunguza kimyakimya fungu la zamani. Mwisho wa mwaka jumla ni ileile.

Mimi ningechukua njia ya England. Wao waliweka kanuni badala ya mfuko: kila eneo liongeze matumizi ya afya ya akili kwa kasi isiyopungua ile ya ongezeko la bajeti yake nzima. Walilalamika nako, lakini angalau mkaguzi alikuwa na kitu cha kupima.

Nesi wa wodi
Kaka zangu, mnabishania bomba, mimi nasimama kwenye ndoo. Niliwahi kufanya kazi kliniki ambayo sindano ya kila mwezi ya wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa mzito wa akili) iliisha stoo. Dawa ya zamani, ya bei rahisi kabisa. Tuliandika maombi, tukaambiwa tusubiri mgao. Kijana mmoja aliyekuwa ametulia, yuko kazini, analipa pango lake mwenyewe, alirudi akiwa amefungwa kamba na ndugu zake. Alilazwa wiki saba. Kazi ikaenda, chumba kikaenda.

Sasa Mhasibu, nisaidie hapa. Sindano ilitakiwa kutoka kasma ya kliniki. Kitanda cha wiki saba kililipwa na kasma ya hospitali ya rufaa. Yule ambaye hakununua dawa hakupata hasara hata senti moja. Kwenye vitabu vyake ameokoa, pengine amesifiwa. Ufungie kasma, uichanganye, kama mnunuzi wa dawa haioni bili ya kitanda, wodi yangu itajaa vilevile.

Mchangiaji wa nne
Basi dawa ni kufunga hizo hospitali kubwa na pesa yake ishuke chini. Italia walitunga sheria mwaka 1978, wakazuia kulaza wagonjwa wapya humo, wakaweka wodi ndogo zisizozidi vitanda 15 ndani ya hospitali za kawaida.

Mwanzisha mada
Ndugu, kuzifunga za mwisho kuliwachukua karibu miaka ishirini. Wenye haraka walipata nini? Afrika Kusini, mkoa wa Gauteng ulivunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa ikitunza wagonjwa wa akili vituoni mwake, na kubana matumizi ikatajwa kama sababu kubwa. Wagonjwa zaidi ya elfu moja wakatawanywa kwenye mashirika madogo ambayo uchunguzi wa serikali ulikuta leseni zao ni batili. Walikufa 144, na baadhi yao waliangamia kwa njaa na kiu. Mwaka ni 2016, si enzi za ukoloni.

Mhasibu wa serikali
Na Marekani kabla yao. Mwaka 1955 hospitali za majimbo zilikuwa na wagonjwa kama 559,000. Sheria ya Rais Kennedy ya 1963 ikaahidi vituo vya jamii, ila pesa nyingi ilikuwa ya kujengea, ya kuviendesha ikawa kitendawili, na vilivyojengwa havikufika nusu ya vilivyopangwa. Mwaka 1965 ikaja Medicaid, bima ya umma ya wasio na uwezo, ikakataa kumlipia mtu mzima wa chini ya miaka 65 aliyelazwa hospitali ya akili. Jimbo likimhamishia kwenye nyumba ya wazee, serikali kuu inachangia bili. Unadhani walifanya nini? Kanuni moja ya malipo ilichangia kuhamisha watu wengi, si ushauri wa daktari peke yake.

Ndiyo maana nasema, kipindi cha mpito unalipa mara mbili: hospitali ya zamani inaendelea, huduma mpya inaanza. Hiyo miaka ya kulipa mara mbili ndiyo isiyotengewa bajeti na mtu yeyote.

Mwanzisha mada
Basi hapo umenisogeza. Nalegeza: mfuko wa kudumu sitaung'ang'ania, lakini pesa ya mpito ifungiwe kwa sheria, na kitanda kisiondolewe kabla kilichokibadili hakijaanza kupokea wagonjwa. Na sindano na kitanda viwe chini ya bajeti ya mtu mmoja. Dada Nesi, hilo unalikubali?

Nesi wa wodi
La mwisho nalikubali kwa mikono miwili. Swali langu ni dogo: huyo mtu mmoja atakaa ofisi ya rufaa au kliniki? Maana akikaa rufaa, kila Jumatatu atakuwa na wodi iliyofurika mbele ya macho yake, na stoo yangu ataisoma kwenye ripoti ya robo mwaka.