Kampuni zinafadhili utafiti wa usalama mtandaoni halafu zinatuziba midomo, na chuo ndo kinasaini!

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo moyoni zaidi ya mwaka na leo nalitoa, maana jana nimeona tena picha za kampuni na chuo wameshikana mikono mbele ya bango, ushirikiano mpya wa kufadhili utafiti wa usalama wa mtandao, watu wanapiga makofi, na nyuma yao wamepangwa wadogo zetu wa masters na tisheti mpya. Nikasema hapana, hawa lazima mtu awaambie wasome ukurasa wa 9 wa mkataba kabla hawajasaini.

Kampuni sitaji, chuo sitaji. Anayejua atajua.

Mwaka 2022 ndo nilikuwa naanza masters, tukachaguliwa wanne kwenye mradi kama huohuo. Mada ilikuwa wizi wa hela za kwenye simu kupitia kurenyu laini, yaani mtu anakwenda kuchukua laini yako kwa jina lako, simu yako inakata mtandao, wewe unadhani ni network tu inasumbua, ukija kustuka akaunti imebaki na shilingi 200. Kampuni ikaahidi posho ya laki nne kwa mwezi kwa kila mtu na data za maombi ya kubadilisha laini, majina yakiwa yameondolewa. Ile data ndo ilinivuta kuliko hela, kwa sababu hapa kwetu ukitaka kuchunguza haya mambo bila data za kampuni ya simu utaishia kunukuu utafiti wa nchi za watu ambako hata wakala wa mwavuli hayupo.

Mkataba tulipewa koridoni. Kurasa 14 za Kiingereza cha mawakili, dakika kama kumi hivi, na dada wa mawasiliano anatuharakisha kwamba wageni wameshakaa ukumbini na hundi ile kubwa ya boksi imeshafika. Supavaiza wangu alikuwa ameshasaini, mkuu wa idara ameshasaini, mwanasheria wa chuo ameshagonga muhuri. Mimi nani nibishe? Nikasaini nakala zote tatu.

Ukurasa wa 9 unasema matokeo yote ya utafiti ni mali ya mfadhili, na hakuna kitakachochapishwa, kuwasilishwa kwenye kongamano wala kutolewa kwa mtu wa tatu bila ridhaa yake ya maandishi. Muda haukuwekwa. Hawakusema siku 30 wala mwaka mmoja, yaani wakikaa kimya miaka ishirini na wewe unakaa kimya miaka ishirini.

Data zilikuja baada ya miezi nane. Faili moja la Excel, safu tatu: mkoa, mwezi, idadi. Saa hakuna, aina ya ombi hakuna, kama laini ilirenyuliwa dukani au kwa wakala wa mtaani hakuna. Kwa faili lile huwezi kujua chochote kuhusu wizi. Tukaandika barua, tukaambiwa zilizobaki ni nyeti. Sasa kama ni nyeti mlitangaza za nini mbele ya kamera?

Tukaamua kuingia mtaani wenyewe, kwa kibali cha chuo cha utafiti. Wiki sita tumekaa Buguruni, Mbagala na Tandika, chini ya miavuli ya mawakala waliokubali, na kwa watu waliokwishaibiwa. Nauli tulijilipia, maana hadi hapo posho nilikuwa nimepokea miezi mitano tu kati ya kumi na miwili.

Kuna mama mmoja anauza dagaa Buguruni, mtunza hazina wa kikoba chao. Simu yake ni kiswaswadu cha tochi. Huyu mama ana daftari la kikoba na kwenye ukurasa wa mwisho aliandika kwa mkono wake, baada ya kurudishiwa laini na kusomewa miamala: saa 10:05 jioni simu imekata, saa 10:17 hela imetoka. Milioni moja na laki tatu za wanawake kumi na tisa, ndani ya dakika kumi na mbili. Aliwalipa wenzake kwa kuuza friji na kukopa kausha damu. Alinishikisha lile daftari akaniambia, "Mwanangu, wewe si msomi? Wapelekee waone saa zangu." Nilipiga picha ule ukurasa, na ndo ulikuwa kielelezo cha kwanza kwenye sura ya nne ya tasnifu yangu.

Na hakuwa peke yake. Wengi tuliowahoji hadithi ni hiyohiyo, laini inabadilishwa na hela zinaondoka muda mfupi sana baadaye. Wengine walikuja kugundua kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa NIDA zao (kitambulisho cha taifa) bila wao kujua, walipopiga *106# ya kuangalia laini zako ndo wakaona namba wasiyoijua, na wakakumbuka siku ya kusajili wakala alivyowaambia "haijasoma mama, weka tena kidole". Kidole mara mbili, laini mbili, moja unaondoka nayo wewe na nyingine inabaki kwenye droo.

Pendekezo letu lilikuwa dogo mno. Laini ikishabadilishwa, akaunti ya hela isitoe wala isitume kwa siku mbili tatu mpaka mwenyewe athibitishwe kwa njia nyingine. Hatukulitunga sisi! Msumbiji mabenki na kampuni za simu walishakubaliana jambo kama hilo, benki inauliza mfumo wa kampuni kama namba hii imebadilishwa laini ndani ya saa 48 hadi 72, jibu likiwa ndiyo muamala unasimamishwa. Majirani zetu hao.

Tulipowasilisha ripoti tuliitwa kikao. Chumba kina AC kali, maji ya chupa, na wakili wa kampuni ambaye siku zote za mradi hatujawahi kumuona. Hakuuliza swali hata moja kuhusu yule mama wala kuhusu zile dakika kumi na mbili, alifungua ukurasa wa 9. Akasema sura ya nne iondolewe. Mwenzetu mmoja alipouliza je tukiichapisha bila jina la kampuni, akatajiwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Mfumo upi jamani? Tulikaa kwenye benchi la mbao chini ya mwavuli tukaongea na binadamu! Hatukugusa sava ya mtu. Lakini mwanafunzi akisikia neno jela mbele ya watu wenye suti unadhani atafanyaje, na ile sheria haina sehemu inayosema wazi kwamba mtafiti mwenye nia njema analindwa.

Mimi kampuni nimeikasirikia, ila chuo nimekikasirikia mara kumi. Kampuni kulinda jina lake nilitegemea. Mwaka 2008 huko Uholanzi watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud waligundua udhaifu kwenye kadi za chipu za MIFARE Classic, zilezile zilizokuwa zinatumika kulipia usafiri London kwa jina la Oyster. Mtengenezaji, NXP, akaenda mahakamani kuzuia makala isitoke. Chuo hakikukimbia, kikasimama na watu wake, na mahakama ya Arnhem ikakataa kuizuia, Oktoba mwaka huohuo makala ikatoka. Uingereza mwaka 2013 Volkswagen walipata zuio dhidi ya makala kuhusu udhaifu wa funguo za magari, ya watafiti wa Birmingham na wa hukohuko Radboud, ikakaa miaka miwili, 2015 ikatoka ikiwa imeondolewa sentensi moja tu. Moja! Sisi tumeondolewa sura nzima, na hakuna hata aliyepandishwa kizimbani, kwa sababu chuo chetu kilishauza hiyo haki koridoni kabla sisi hatujaandika neno la kwanza.

Supavaiza wangu kwenye kile kikao alikuwa anaangalia meza. Baadaye akaniambia, "Kijana, kuna awamu ya pili ya ufadhili, usituharibie." Sura ya nne ikaondolewa, bila hiyo hakuna tasnifu, nikabadilisha mada na kuanza upya kwa hela ya kaka yangu. Nimemaliza nimechelewa mwaka na nusu. Mmoja wetu aliacha kabisa, saivi yupo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake, na alikuwa ndiye kichwa kuliko sisi wote.

Msinielewe vibaya, hela za kampuni kwenye utafiti nazitaka tena nyingi, serikali peke yake haiwezi na maabara zetu mnazijua. Ila mkataba uwe na muda. CERT ya chuo cha Carnegie Mellon Marekani, kituo cha usalama wa kompyuta kilichoanzishwa baada ya kile kirusi cha kompyuta cha Morris cha 1988, inampa mwenye mfumo siku 45 za kurekebisha udhaifu kisha inautangaza. Project Zero, timu ya Google ya kutafuta udhaifu kwenye mifumo, inatoa 90. Basi hata mfadhili apewe 120, arekebishe mfumo wake kwa raha zake, siku ikifika mwanafunzi achapishe na mama wa dagaa ajue hela zake zilipitia wapi. Na data ziwe zimeshafika chuoni ndo hundi ya boksi ipigwe picha.

Kwa wale wadogo zangu wa kwenye picha ya jana: ombeni nakala ya mkataba leo, msisubiri siku ya hafla, na mpelekeeni mtu anayejua sheria asiyekuwa wa chuo. Tafuteni sehemu inayoongelea kuchapisha. Kama haina idadi ya siku, msisaini mpaka iwekwe, na wote mkatae pamoja maana mmoja mmoja watawabadilisha.

Na walimu wa vyuo mliomo humu, nawauliza kwa heshima zote: mikataba yenu na kampuni za simu na mabenki ina siku ngapi? Mimi yule mama bado ananipigia kuuliza kama wale wakubwa wameziona saa zake.