Vimeng'enya vinavyovunja lipidi vinahusikaje na homoni za mimea?

Mwanafunzi wa Botania:
Habari zenu, wanajukwaa. Tumefundishwa kwamba lipasi huvunja mafuta yaliyohifadhiwa katika mbegu ili mche upate nguvu ya kukua, na hilo naliona bila shida. Kinachonitatiza ni fosfolipasi D, ambayo hushambulia fosfolipidi (lipidi zenye fosfati) za utando wenyewe wa seli, na ambayo mwalimu wetu ameitaja miongoni mwa vinavyoongoza ufungaji wa stomata, yaani vitundu vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke wa maji, wakati wa ukame. Je, kuvunja utando si kuibomoa seli? Naomba ufafanuzi.

Mtafiti wa Mimea:
Karibu, ndugu. Kinachovunjwa ni sehemu ndogo sana ya utando, na jambo la kutazama ni kile kinachobaki. Fosfolipasi D huikata kolini, sehemu ya kichwa cha molekuli, kutoka kwenye fosfolipidi, ikabaki asidi ya fosfatidi, ambayo hukaa palepale kwenye utando na kubeba ujumbe. Katika Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumiwa sana katika utafiti, homoni iitwayo asidi ya absisiki inapoongezeka kwa sababu ya ukame, kimeng'enya PLDα1, mojawapo ya fosfolipasi D, huchochewa. Ndani ya seli mna protini iitwayo ABI1, ambayo huzuia mwitikio wa homoni hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba asidi ya fosfatidi huinasa ABI1 kwenye utando, isiweze kwenda kwenye kiini kuuzuia mwitikio huo, na kwamba kunaswa huko kunategemea asidi amino moja tu, arijinini iliyo nafasi ya 73. Mmea uliokosa PLDα1 hushindwa kufunga stomata ipasavyo, nao hupoteza maji mengi zaidi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha jambo hili waziwazi kiasi hiki.

Mwalimu wa Jenetiki:
Naongeza kwamba wakati mwingine lipidi iliyokatwa ndiyo malighafi ya homoni yenyewe. Kimeng'enya DAD1, fosfolipasi A1 iliyomo katika kloroplasti, huachilia asidi ya linoleniki, ambayo hatimaye hugeuzwa kuwa asidi ya jasmoni. Jeni lake huamka kwenye vikonyo vya stameni muda mfupi kabla ya ua kufunguka. Likiharibika, vifuko vya chavua havipasuki kwa wakati na mmea hauzai mbegu, ilhali machipukizi ya maua yakipakwa jasmoni uzazi hurejea.

Mwanafunzi wa Botania:
Nawashukuru sana. Je, ilithibitishwaje kwamba asidi ya fosfatidi ndiyo inayofunga stomata?

Mtafiti wa Mimea:
Njia ya zamani ni kutumia 1-butanoli. Fosfolipasi D huipendelea alkoholi hiyo kuliko maji, hivyo hutengeneza fosfatidilibutanoli, na asidi ya fosfatidi hupungua. Mwaka 1999 watafiti walioshughulikia Vicia faba, mmea wa jamii ya kunde, walionyesha kwamba butanoli hiyo hupunguza ufungaji wa stomata unaochochewa na absisiki, na kwamba asidi ya fosfatidi ikiongezwa peke yake stomata hujifunga. Hata hivyo, usitosheke na butanoli, kwa kuwa yaweza kuidhuru seli kwa njia nyingine, na kwa kuwa Arabidopsis ina jeni 12 za fosfolipasi D, ambazo butanoli haiwezi kuzitenganisha. Ushahidi wenye uzito zaidi hutoka kwa mimea iliyokosa PLDα1 peke yake: stomata zake, ambazo absisiki hushindwa kuzifunga vizuri, hufunga zikipewa asidi ya fosfatidi kutoka nje.