Naomba ushauri: hadithi fupi za fantasia zisizo na mashujaa wasafi

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo yenu, hasa wapenzi wa fantasia.

Nimemaliza The Last Wish, mkusanyo wa Andrzej Sapkowski wa Poland uliotoka kwao mwaka 1993, na nimenogewa. Geralt, mhusika mkuu, anaua mazimwi kwa malipo, habari za kuokoa ulimwengu hana. Kuna ile ya binti wa mfalme aliyegeuka zimwi: jamaa anapambana naye usiku kucha, kunakucha laana imetoka, anainama kumwangalia, na bado anararuliwa shingo. Hakuna ngoma wala vigelegele. Hadithi imeisha, unazima taa unalala. (Mariwaya ya kurasa mia nane yamenichosha, mashabiki mnisamehe.)

Sasa nataka kuhamia kwa Joe Abercrombie, Mwingereza. Ana mkusanyo wa hadithi fupi, Sharp Ends, wa 2016, na kilichonivuta ni Javre na Shevedieh: mwanamke mbabe mpenda ulevi na mwenzake mwizi anayetamani kuacha wizi. Tatizo, hadithi ya kwanza inamhusu Glokta akiwa kijana mtanashati, anayejisikia kupita kiasi, kabla hajawa yule mtesaji kilema wa The First Law, trilojia yake (riwaya tatu zinazofuatana) iliyoanza 2006. Je, nikianza na mkusanyo nitajiharibia utamu, au nijikaze nisome trilojia kwanza?

Na kama kuna mkusanyo wa Kiswahili wenye ukali wa aina hii, wa watu wazima, nitajieni tafadhali. Hata wa zamani, nitautafuta kwa wauza vitabu vya mitumba.