Ununuzi Bangkok: nianzie soko lipi?

Swali
Habari zenu, ndugu. Nitakuwa Bangkok kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na ningependa kununua hariri, nguo na zawadi ndogondogo. Naomba mnielekeze masoko yanayomfaa mgeni asiyejua Kithai.

Jibu la kwanza
Soko la Chatuchak litengee Jumamosi asubuhi na mapema, kwa kuwa lina maelfu ya vibanda vilivyobanana, na ifikapo saa sita mchana joto humchosha hata mwenyeji. Shukia kituo cha treni ya juu (BTS) cha Mo Chit. Ukipenda kitu, kinunue papo hapo au andika namba ya kibanda, maana vichochoro vinafanana mno. Kwa nguo nenda soko la Pratunam, ambako bei hupungua ukichukua vipande kadhaa.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu hariri, kwani wengi huuziwa poliesta (kitambaa cha nyuzi bandia). Iliyofumwa kwa mkono huwa na vinundu vidogo kwenye nyuzi, na rangi yake hugeuka kidogo unapoinamisha kitambaa kwenye mwanga. Ukinunua bidhaa za kuanzia baht (sarafu ya Thailand) 2,000 kwa siku moja katika duka lililo kwenye mpango wa kurejesha kodi, onyesha pasipoti na udai fomu, kisha uipeleke forodha katika uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo. Sanamu za Buddha ziache, kwa sababu kuzitoa nchini huhitaji kibali.

Muulizaji
Nashukuru sana. Basi Ijumaa nitakwenda Pratunam, Jumamosi Chatuchak.