Makadirio ya maji Dar hadi 2035: nianzie kwenye bili?

BintiKibamba
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tasnifu yangu ni makadirio ya matumizi ya maji Dar es Salaam hadi 2035. Nina bili za kila mwezi za kata chache, na sensa. Nimepanga kuchukua ukuaji wa watu wa 2002 hadi 2012, asilimia 5.6 kwa mwaka, niuendeleze. Shida ni mwishoni mwa 2022: matumizi yanaporomoka. Niiondoe miezi hiyo?

MzeeWaRuvu
Marahaba binti. Usiiondoe. Ule ulikuwa mgao, maji ya mto Ruvu yalikuwa yamepungua sana. Watu hawakuacha kuoga na kupika. Walinunua maji ya boza, wakachota visima vya jirani. Dira ya maji inahesabu maji yaliyofika, kiu ya mji haiijui. Ukiendeleza bili hadi 2035 utakuwa umekadiria uwezo wa mitambo tu: Ruvu Chini lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196, na sehemu yake inavuja kabla ya kufika bombani kwa mteja.

Na hiyo 5.6 iache kabisa. Mwaka 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541. Kwa kasi hiyo, 2022 tungekaribia milioni 7.5. Tukahesabiwa 5,383,728, yaani asilimia 2.1 kwa mwaka. Pengo ni watu milioni mbili! Kwa lita 80 tu kila mmoja, ni zaidi ya lita milioni 160 kwa siku. Lakini mji haukusimama, umevuka mpaka: Pwani imetoka milioni 1.1 hadi milioni 2, na Kibaha na Bagamoyo wanakunywa Ruvu hiyohiyo. Fuata bomba linakokwenda, mpaka wa mkoa uweke pembeni.

Tabata_Relini
Naunga mkono mzee. Tena lita kwa mtu nazo hazikai palepale. Cape Town mwaka 2015 walitumia kama lita bilioni 1.2 kwa siku wakati wa kiangazi. Mwanzoni mwa 2018, kwa ukame na ukomo wa lita 50 kwa mtu, wakashuka chini ya nusu. Toa makadirio ya juu, ya kati na ya chini, usitoe namba moja.

BintiKibamba
Asanteni sana. Sasa mahitaji yasiyoonekana kwenye bili nitayapataje?

MzeeWaRuvu
Tafuta mitaa ambayo maji hayakatiki, upate matumizi ya kweli. Tenganisha nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja na nyumba ya familia moja yenye bustani, maana wastani wake haufanani hata kidogo. Kisha nenda mitaa ya mgao, nyumba kwa nyumba, uulize wananunua madumu mangapi kwa siku, kisima kipo au hakipo, simtanki ni ya lita ngapi na inajazwa mara ngapi kwa wiki. Fanya hivyo masika na kiangazi.